Damu Isiyo na Tarehe

Mwanamke anayetafuta mtoto hujikuta anaikagua nguo yake ya ndani kila anapoingia chooni. Hakuna aliyemfundisha. Miezi ya mwanzo hutupa jicho tu na kuendelea na kazi zake. Miezi ikisogea, anaingia chooni hata pale asipokuwa na haja, aangalie. Hapa Mjimwema, ambako baridi ya Songea ya Juni na Julai inamtoa mtu nje alfajiri akiwa na khanga juu ya sweta, anainama kwenye mwanga hafifu na kuona doa. Ni dogo, la kahawia au la waridi iliyopauka, halizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Siku zake hazijafika. Zimebaki nane, au kumi, au hana hakika zimebaki ngapi.

Kuanzia hapo doa hilo linapata watu wengi wa kulieleza. Matumaini yake mwenyewe yanatangulia: mimba imetunga. Hofu inafuata nyuma: nimeingia tena, au kizazi kina kasoro. Kabla ya saa nne asubuhi ameshamwambia dada yake, na dada ana jibu. Wifi naye ana lake. Bibi akipigiwa simu kijijini anasema hilo ni chango, na mizizi yake ipo. Mitandaoni kuna jibu lenye bei: homoni zimevurugika, tuma hela, dawa ya kusafisha kizazi inakuja kwa basi. Akiangukia kwa mhudumu asiye na muda atatoka na maneno mawili, UTI sugu, pamoja na vidonge vya siku saba. Wengi wa hawa wanampenda na wanamtakia mema. Ila hakuna hata mmoja aliyemuuliza leo ni siku ya ngapi tangu hedhi iliyopita.

Mimi naamini swali hilo ndilo la kwanza. Tone la damu lililokuja kabla ya siku zake haliwezi kuelezwa mpaka liwekewe tarehe. Anayelitolea maana kabla ya hapo, hata kwa mapenzi, anaweza kumnyima mwanamke utulivu ikiwa tone ni la kawaida, na kumcheleweshea tiba ikiwa si la kawaida.

Haraka yetu ina chanzo chake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, na wa vijijini 5.5. Mahali ambapo uzazi ni jambo la kawaida namna hiyo, aliyeolewa miaka miwili bila mtoto husalimiwa kwa macho yanayoanzia usoni na kuishia tumboni. Baada ya misa watu wanapeana "Tumsifu Yesu Kristo" nje ya kanisa, na kabla "Milele na milele, amina" haijakamilika kuna shangazi ameshauliza kwa sauti ya chini, "Vipi, mwanangu, bado?" Mtu anayeulizwa hivyo kila Jumapili hawezi kuliangalia doa kwa moyo uliotulia. Analitaka liseme kitu leo.

Basi tuangalie hesabu yenyewe, kwa sababu wengi wetu shuleni tulifundishwa nusu yake. Tuliambiwa mzunguko ni siku 28 na yai linapevuka siku ya 14. Hiyo ni kwa mwenye siku 28. Mzunguko wa mwanamke mzima mwenye afya unaweza kuwa wa siku 24 au wa siku 35, na kinachobadilika zaidi ni nusu ya kwanza, ile ya kuliandaa yai. Nusu ya pili, kuanzia yai linapotoka mpaka hedhi inapofika, kwa wengi huwa kama wiki mbili. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 34 yai lake hutoka karibu na siku ya 20, si ya 14. Anayejihesabia kwa kanuni ya shuleni atazitafuta siku za hatari wakati bado hazijafika, na zitakapofika atadhani zimeshapita.

Sasa, karibu na siku ile ya yai kutoka, homoni ya estrojeni iliyokuwa inapanda hushuka kidogo ghafla. Utando uliojengeka ndani ya kizazi hutegemea homoni hiyo, na inaposhuka utando unaweza kulegea mahali fulani na kutoa damu kidogo. Zinachukua saa au siku moja, mbili, kisha basi. Si wengi wanaozipata: utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia wanawake wenye mizunguko ya kawaida uliziona kwa takriban watano katika kila mia. Hazina madhara.

Hazina madhara mwilini, lakini nimeona zinavyoweza kuleta hasara nyumbani. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinionyesha kalenda yake ya ukutani, ile ya kanisani yenye sikukuu za watakatifu kwa wino mwekundu. Chini ya tarehe alikuwa ameweka alama za penseli: duara lililojazwa kwa siku ya damu nyingi, duara tupu kwa siku ya damu kidogo, nukta kwa tone. Alikuwa amezoea kusema kuwa hedhi yake inachungulia, inarudi, halafu inakuja kamili baada ya wiki mbili. Tulifunua karatasi za miezi mitano. Kila nukta ilikaa siku 14 au 15 kabla ya duara la kwanza lililojazwa. Zile siku za kuchungulia zilikuwa ndizo siku za yai lake. Na kwa kuwa alidhani ameingia mwezini, yeye na mumewe walikuwa wanalala kila mtu upande wake mpaka damu ikauke kabisa na siku mbili tatu zipite, kwa heshima waliyolelewa nayo. Siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba ni kama sita tu katika mzunguko mzima, na ya mwisho ni siku yenyewe ya yai kutoka. Walikuwa wanaingia kwenye siku hizo, wanaona nukta, wanaachana. Hakuna mzizi wala kidonge ambacho kingeondoa tatizo lile. Liliondolewa na penseli.

Kuna tone jingine ambalo wanaotafuta mtoto hulingoja kwa hamu kuliko hilo. Linaitwa damu ya mimba kutunga. Maelezo yake yanavutia: yai lililorutubishwa linajichimbia kwenye ukuta wa kizazi, mishipa midogo inapasuka, tone linatoka. Rafiki anamwambia rafiki, likiwa la waridi ni mtoto, likiwa la kahawia pia ni mtoto, mradi limekuja kama wiki moja kabla ya siku zake.

Ukweli wake ulichunguzwa kwa namna ya pekee. Miaka ya 1980, huko North Carolina nchini Marekani, wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mimba walikubali kuweka mkojo wao wa kila asubuhi kwenye vichupa na kuandika kila siku kama wameona damu au la. Allen Wilcox na wenzake waliupima mkojo ule na kujua siku yai lilipotoka na siku mimba ilipojishikiza. Kwa mimba zilizodumu, 84 katika kila 100 zilijishikiza siku ya nane, ya tisa au ya kumi baada ya yai kutoka. Mwaka 2003 Emily Harville, pamoja na Wilcox na wenzao, walirudi kwenye daftari zile kutafuta damu. Kati ya wanawake 151 waliopata mimba zilizoendelea, 14 walikuwa wameandika damu katika wiki nane za mwanzo. Damu hiyo ilielekea kutokea karibu na siku ambazo hedhi ingefika, na ilikuwa nadra kuangukia siku ya kujishikiza. Hawakupata ushahidi kwamba mimba ikijishikiza huleta damu. Na katika wale 14, 12 walijifungua watoto hai.

Nilipoyasoma haya nilijisikia mzito, kwa sababu najua ni wangapi wameishi wiki nzima kwa nguvu ya tone hilo. Lakini nimeyatafakari na nayaona yana huruma ndani yake. Mwanamke ambaye hakuona tone lolote hana sababu ya kukata tamaa, maana wengi mno waliopata mimba hawakuona kitu. Na aliyeona damu kidogo huku kipimo kinaonyesha mimba hapaswi kujizika kabla ya wakati. Rangi nayo haitoi hukumu. Kahawia ni damu iliyochelewa njiani ikageuka rangi, basi. Damu ya tone la yai inaweza kuwa kahawia, ya hedhi inayoanza kwa kusuasua inaweza kuwa kahawia, na ya mimba changa vilevile.

Wanawake wale wa North Carolina walitufundisha jambo jingine ambalo husemwa kwa nadra. Katika kila mimba 100 zilizojishikiza, 22 zilipotea mapema kiasi kwamba bila vichupa vile hakuna ambaye angejua zilikuwepo. Zilitoka kama hedhi, pengine iliyochelewa kidogo. Anayepima mimba siku nyingi kabla ya tarehe yake anaweza kuona mstari wa pili uliofifia, kisha damu ikaja. Hakuna alichokosea: hakubeba ndoo ya maji kimakosa, hakula kitu kibaya, hakuna aliyemtazama vibaya. Mimba nyingi za namna hiyo hushindwa kwa sababu ya kasoro zilizokuwamo tangu yai na mbegu zilipokutana. Ningependa wifi na mama mkwe wayajue haya kabla ya mwanamke mwenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaoulizana alifanya nini.

Mkoa wetu una nafasi yake katika habari hii. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, yale ambayo sasa yapo nchi nzima, ulianzia kwa majaribio hapa Ruvuma mwaka 2003. Maduka ya dawa baridi yalikaguliwa, wauzaji wakapewa mafunzo na leseni, wakaruhusiwa kuuza dawa ambazo zamani hawakuruhusiwa. Kwa mwanamke wa mtaani duka hilo ndilo mlango wa kwanza wa tiba, na mara nyingi muuzaji ni mama anayemfahamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naomba kile kipimo cha mimba."

"Siku zako zimepita?"

"Bado. Ila jana niliona damu kidogo."

"Zilikuwa zije lini?"

Binti anahesabu kwa vidole, anasema Alhamisi ijayo. Yule mama anarudisha kisanduku kwenye rafu. "Weka hela yako. Ukipima leo kitakudanganya, utalia bure. Alhamisi ikipita hujaona kitu, njoo, tena upime na mkojo wa asubuhi."

Niliyasikia mazungumzo hayo nikiwa nyuma ya binti huyo kwenye foleni, na nimeyakumbuka mara nyingi kwa jinsi mama yule alivyoacha kuuza. Kipimo cha mkojo hutafuta homoni ya mimba, na homoni hiyo huanza kutengenezwa baada ya mimba kujishikiza. Kabla ya hapo hakuna cha kuonekana. Swali lake moja, zilikuwa zije lini, lilikuwa na thamani kuliko kilichokuwamo kwenye kisanduku. Lakini mama huyo huyo, na hili si kosa lake, hawezi kuuona mlango wa kizazi akiwa nyuma ya kaunta. Na kuna damu ambayo haiwezi kusubiri Alhamisi.

Damu inayokuja baada ya tendo la ndoa ni mojawapo. Mwanamke huionea haya, mume huiogopa, wanakubaliana bila kusema kwamba ni kwa sababu walifanya kwa nguvu. Ikitokea mara moja inaweza kuwa hivyo. Ikijirudia, mlango wa kizazi unataka kuangaliwa. Pengine ni kinyama kidogo kinachoondolewa kwa urahisi. Pengine ni klamidia au kisonono, magonjwa ambayo kwa wanawake wengi hayana dalili nyingine, na yakiachwa hupanda mpaka kwenye mirija na kuiziba. Hapo tone lilikuwa linatangaza ugumba ambao ulikuwa bado unazuilika. Na pengine ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini mwetu ndiyo inayoongoza kwa wanawake: makadirio ya mwaka 2020 ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Chanjo dhidi ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa hiyo wengi wanaotafuta mtoto leo walishaipita. Kwao uliobaki ni uchunguzi: mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ni dakika chache. Anayekwenda kutafuta sababu ya kutoshika mimba anaweza kurudi akiwa ameokoa maisha yake.

Kisha kuna kichocho, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ni jambo letu na linasahaulika. Wengi wanaoishi mjini Songea wamekulia kwingine, wakioga na kufua kwenye maji ya Ziwa Nyasa au mito na mabwawa yenye konokono. Tunakijua kichocho kama ugonjwa wa watoto wanaokojoa damu. Hatusemi kwamba mayai ya minyoo ile hayaishii kwenye kibofu. Hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, yakaacha vidonda na mabaka yenye chembechembe zinazofanana na mchanga. Sehemu hizo huvuja damu zikiguswa, huleta maumivu wakati wa tendo, na zinaweza kuchangia mtu kutoshika mimba au mimba kutunga nje ya kizazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanawake milioni 56 barani Afrika wana hali hiyo. Mwanamke kama huyu hutibiwa magonjwa ya zinaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndoa inaingia shaka, kila mmoja anamtazama mwenzake kama msaliti, kumbe kilichomwingia kilimwingia akiwa na miaka tisa, amesimama kwenye maji akisuuza sahani. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na ni ya bei nafuu, ingawa vidonda vya zamani vinaweza kubaki hata minyoo ikifa. Aliyekulia kando ya maji ya namna hiyo amwambie daktari, hata kama hajaulizwa.

Hatari zaidi ni damu kidogo kwa mtu ambaye siku zake zilishapita, ikiambatana na maumivu upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu, au maumivu begani yasiyo na sababu. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga kwenye mrija. Mrija ukipasuka damu inamwagikia ndani na kinachoonekana nje ni tone tu. Hapo hakuna kusubiri kukuche, wala kwenda kupumzika kwa dada. Ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, HOMSO kama tunavyoiita, au hospitali ya Peramiho kwa aliye upande huo, usiku huo huo.

Kwa aliyeacha sindano za uzazi wa mpango karibuni, habari ni nyepesi zaidi. Uzazi hurudi kwa wastani wa miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho, na katikati hapo matone yasiyo na mpango ni ya kutarajiwa. Vijiti na kitanzi vikitolewa mwili hurudi mapema zaidi.

Na matone yanayokuja siku kadhaa kabla ya hedhi, mwezi baada ya mwezi, hasa yakiwa na maumivu makali ya hedhi yenyewe, yapelekwe kliniki pamoja na orodha ya tarehe. Yanaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, au utando wa kizazi ulioota mahali usipopaswa, au tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa. Daktari hatajua ni lipi kwa kuambiwa "huwa naona damu damu". Akiambiwa zinaanza siku ya 25 na hedhi inafika siku ya 29, na imekuwa hivyo tangu Machi, ana pa kuanzia.

Kuanzia Kituo cha Afya cha Mjimwema mpaka hospitali kubwa, ukitazama benchi la wanaosubiri huduma za uzazi utaona wanawake peke yao. Kipimo kinachokubalika duniani ni kuwa wenzi waliojaribu mwaka mzima bila mimba, au miezi sita ikiwa mke amepita miaka 35, wachunguzwe. Wenzi, wote wawili. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango wake, iwe peke yake au pamoja na wa mke. Hata hivyo mke anaweza kumeza mizizi na vidonge miaka mitatu, akapigwa picha ya tumbo na ya mirija, kabla mumewe hajatoa mbegu zikaangaliwe kwenye hadubini, kipimo ambacho hakiumi na ni rahisi kuliko vyote alivyopitia mke. Mume anayelala upande wake wa kitanda kwa sababu ya nukta moja ya penseli anastahili kujua nukta ile ni ya siku ya ngapi. Aende naye kliniki, akae kwenye benchi hilo hilo, na jina lake litakapoitwa naye achukue kikopo chake.